Mshubiri Mdogo ni wa Nani?

Juu ya majabali ya chokaa kando ya mto Fiherenana, kusini-magharibi mwa Madagaska, si mbali na mji wa Toliara, huota mshubiri ambao mtu mzima anaweza kuufunika wote kwa kiganja kimoja. Majani yake yana urefu wa sentimita 3 au 4 tu, mapana mashinani na membamba nchani, yamejaa madoa meupe yaliyoinuka yanayokwaruza kidole ukiyapapasa, na kingo zake zina vijino visivyoweza kumdhuru mtu. Ukifika wakati wa kuchanua, katikati huchomoza kijiti chembamba kinachozidi urefu wa majani mara tatu au nne, kikiwa kimebeba maua mekundu madogo yaliyoinama. Jina lake la kitaalamu ni Aloe descoingsii, na aliyeuandika rasmi mwaka 1958 ni Gilbert Reynolds, mpimaji macho wa Johannesburg aliyeutumia umri wake kuitafuta mishubiri, akaacha vitabu viwili vikubwa, kimoja cha 1950 juu ya mishubiri ya Afrika Kusini na kingine cha 1966 juu ya ile ya Afrika ya kitropiki na Madagaska. Katika ukoo wenye aina zaidi ya 500, huu huhesabiwa miongoni mwa midogo kabisa. Hauliki, hakuna kiwanda kinachoutafuta, na ukiukamua wote hutapata shubiri ya kumtibu mtu yeyote. Hata hivyo, watu wa mabara mengi huuweka dirishani na kuuhangaikia kwa miaka. Swali linalonishughulisha ni la kidini kabla halijawa la bustani: mmea kama huu ukishakuwa chunguni nyumbani kwangu, ni wa nani, na mimi nina wajibu gani kwake?

Majibu mawili ndiyo yanayosikika zaidi. La kwanza ni la sokoni: nimeununua, basi ni mali yangu, nikitaka nautunza na nikichoka nautupa jalalani. La pili ni la wenye haraka: huu ni mchezo wa watu wenye nafasi, na dini ina mambo mazito ya kushughulikia kuliko kopo la maua. Nadhani yote mawili yamekosea, na yamekosea mahali pamoja, kwa kuwa yote huanza na mtu na kuishia kwa mtu: anamiliki nini, anafaidi nini, anapoteza nini. Mimi nasema mmea huo ni amana. Tena nasema zaidi ya hapo, kwamba mshubiri mdogo unatuonyesha sehemu ya amana tunayoisahau kwa urahisi, yaani kwamba mwaminifu hupimwa kwa anachojizuia kukifanya kuliko kwa anachokitoa.

Tuanze na amana yenyewe. Wanazuoni wa fiqhi wanapozungumzia mtu aliyeachiwa kitu akitunze, hawamtwishi dhamana ya kila hasara. Kitu kikipotea au kuharibika naye hakukosea, hadaiwi. Anadaiwa kwa mambo mawili: akipuuza, au akivuka mpaka. Kupuuza kila mtu anakuelewa. Kuvuka mpaka ndiko kunakohitaji kufikiriwa, maana anayevuka mpaka si lazima awe adui wa kile kitu. Huenda anakipenda mno, anakitumia, anakigeuza kifanane na matakwa yake, anasahau kwamba kina mwenyewe. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na mara tu baada ya kazi hiyo anaambiwa kuna mti mmoja asile matunda yake. Hakupewa bustani na hati ya umiliki. Alipewa kazi yenye mpaka ndani yake. Wasomaji wa Qurani nao wanajua kwamba ukhalifa wa mwanadamu juu ya ardhi umeambatana na mizani na onyo la kutofanya israfu. Katika mapokeo yote mawili, anayetunza ni yule anayejua wapi mkono wake usifike.

Sasa tuuangalie mmea wenyewe, maana hoja ya amana ikikaa hewani haimsaidii mtu. Mshubiri umeumbwa kwa ajili ya ukame. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa, na kila inapofanya hivyo hupoteza maji. Mshubiri huvifunga wakati wa jua na kuvifungua usiku, hewa iliyovutwa gizani ikahifadhiwa ndani ya jani katika hali ya asidi mpaka kupambazuke, ndipo itumike kutengeneza chakula. Ndani ya jani mna ute unaoshika maji, na mizizi imesambaa karibu na uso wa ardhi ikingoja mvua fupi, kisha ardhi ikauke tena. Kukauka huko ni sehemu ya uhai wake. Uchukue sasa mmea huo, utie katika kopo lisilo na tundu, ulishindilie udongo mweusi uliochanganywa na samadi, halafu uumwagilie kila asubuhi pamoja na mchicha. Hautalalamika mapema. Wiki za kwanza utanenepa na kung'aa, na mwenyewe atafurahi. Kisha majani ya chini yatalegea na kuwa na rangi ya chai, shina litaoza kwa ndani, na siku atakapougusa utang'oka wote mkononi bila mzizi hata mmoja. Miongoni mwa mishubiri midogo inayofia majumbani, mingi imeuawa na maji ya mapenzi. Inayokufa kwa kiu ni michache sana. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa methali hiyo inatimia neno kwa neno.

Utunzaji ulio sahihi unaonekana kuwa mkavu kwa mtu asiyejua. Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, chenye tundu chini, kipana kuliko kina chake. Nusu ya kilichomo au zaidi iwe kokoto ndogo na mchanga mnene wa mtoni, na mboji kidogo tu. Maji yakitolewa yatolewe ya kutosha mpaka yapenye chini, halafu mtu aache. Achomeke kijiti mpaka kwenye kitako cha chungu, na kikitoka na unyevu asubiri tena. Pwani wakati wa masika, au bara katika miezi ya baridi, wiki tatu au nne zinaweza kupita bila tone, na mmea ukawa salama. Juu ya mwanga pia kuna mtihani wake. Ukiwekwa kivulini hurefuka shingo, majani yakaachana na kuelekea dirishani. Ukipata jua la kutosha hujikunja, ukashikamana, na mara nyingi ukageuka rangi ya kahawia au nyekundu. Mtu mwenye huruma isiyo na elimu akiuona umekuwa mwekundu hudhani unateseka, akaukimbizia kivulini na kuuongezea maji na mbolea. Kwa kiasi chake wekundu huo ndio afya, na ndiyo sura uliyo nayo mlimani kwake. Bustanini mambo ni rahisi zaidi: mteremko mdogo wa mawe ya matumbawe au kokoto unaopitisha maji haraka, na mishubiri midogo ya kwetu kama Aloe juvenna wa Kenya au Aloe jucunda wa Somalia ikatambaa yenyewe mpaka ikaziba nafasi. Kazi iliyobaki ni kuchungulia kwapa za majani ili vidung'ata, wale wadudu weupe wenye ungaunga, wasipate maskani.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo ushahidi wangu. Mpaka wa amana haukuwekwa na hisia za mtunzaji. Umewekwa na maumbile ya kinachotunzwa, na maumbile hayo yana Muumba wake. Mwenye chungu anapojizuia kumimina maji siku ambayo mkono unawasha kumimina, anakiri kwa vitendo kwamba mmea una kanuni aliyoikuta, asiyoitunga yeye. Sijui mafunzo ya unyenyekevu yaliyo wazi kuliko hayo. Mtu anaweza kukaa miaka akisikiliza mawaidha juu ya kutotawala wenzake na bado akafikiri kupenda maana yake ni kujaza. Mzazi anayemfanyia mtoto kila kitu, mfadhili anayepeleka misaada bila kuuliza, kiongozi anayewapangia watu maisha yao, wote wanaamini wanatoa. Ubaya wao unafichwa na wingi wa wanachotoa.

Pingamizi la kwanza ni la kale na lina heshima yake. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, alifundisha kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama na wanyama kwa ajili ya wanadamu. Kwa hesabu hiyo mshubiri unaotoa dawa una maana, na ule mdogo usiotoa kitu ni pambo tu. Wanajiografia wa Kiarabu wa zama za kati walisimulia kwamba huyo huyo Aristotle alimshauri Alexander akiteke kisiwa cha Sokotra kwa ajili ya shubiri yake. Huenda ni hadithi tu, lakini inaeleza vizuri mahali fikra ya matumizi inapompeleka mtu: kutoka kwenye manufaa hadi kwenye kuteka. Biashara hiyo imepita pia milangoni petu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa dawa wa Ulaya waliijua shubiri iliyopitia Unguja, ambayo aghalabu iliwafikia ikiwa imefungwa katika ngozi za wanyama, wakaiita kwa jina la Zanzibar. Sina ugomvi na dawa. Mama anayepaka utomvu kwenye jeraha la mwanawe anatumia neema, na kuitumia neema ni njia mojawapo ya kushukuru. Ninachokikataa ni manufaa kuwa kipimo pekee.

Kipimo hicho kikibaki peke yake huwa na matokeo mawili, na yote tumeyaona. Kwanza, chenye manufaa huvunwa mpaka kikawa hatarini. Kenya ilifikia mahali mwaka 1986 amri ya Rais ikapiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Pili, kisicho na manufaa hukosa wakili. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, ulioanza kufanya kazi mwaka 1975, unailinda mishubiri yote isipokuwa mmoja: Aloe vera, ile alovera ya mafuta na sabuni, ambayo imelimwa kila mahali kiasi kwamba haihitaji tena ulinzi huo. Midogo ya Madagaska, ikiwemo Aloe descoingsii, Aloe haworthioides, Aloe rauhii, Aloe parvula na Aloe bakeri, imewekwa katika orodha ya juu kabisa ya mkataba, ile ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka ambavyo biashara ya mimea iliyong'olewa porini imekatazwa. Yenye faida imepata mashamba. Isiyo na faida ina thamani ile tu iliyopewa na Mungu, na asiyeamini kwamba thamani hiyo ni ya kweli hana sababu ya kuitetea. Katika Kitabu cha Yona, nabii anaukasirikia mmea uliokauka, naye Mungu anamkumbusha kwamba hakuufanyia kazi wala hakuuotesha. Yona aliuhurumia kwa sababu ya kivuli chake, kwa hiyo huruma yake ilikuwa huruma ya nafsi yake. Kisa hicho kinaishia kwa Mungu kuutaja mji mzima, watu wake wasiojua kulia na kushoto, na mifugo mingi. Nauona mpango wake: anayemfunza mtu kuhurumia kisichomfaa ameanza na mmea akafika kwa watu.

Pingamizi la pili linasema mmea hauhisi. Ukiukata haupigi kelele, ukiuacha ukauke hauhuzuniki, na kisichoweza kuumizwa hakiwezi kudhulumiwa. Immanuel Kant alilijibu kwa njia ya mzunguko mwaka 1797: hatuna wajibu kwa mmea, ila anayezoea kuharibu kilicho kizuri bila sababu anadhoofisha ndani yake kitu kinachomsaidia kuwa mwema. Albert Schweitzer, daktari wa Lambaréné nchini Gabon, alikwenda mbali zaidi baada ya wazo la heshima kwa uhai kumjia akiwa safarini katika mto Ogooué mwaka 1915. Kwake, mwadilifu hachumi hata jani bila haja. Waislamu wanasoma kwamba kila kitu kinamsabihi Mola ingawa sisi hatuifahamu tasbihi hiyo, na kwamba miti inasujudu, na katika Hadithi za Bukhari wanakuta kigogo cha mtende kilicholia Mtume alipokiacha na kupanda mimbari. Mtu anaweza kusema huo ni muujiza, na muujiza si kanuni. Namkubalia. Kwa hiyo siijengi hoja yangu juu ya maumivu ya mmea.

Hoja ya amana haihitaji maumivu hayo. Rafiki akikuachia sanduku lililofungwa akasafiri, nawe ukalivunja, sanduku halikuumia, ila wewe ni haini. Kosa limetendwa kwa aliyekuamini. Vivyo hivyo, anayesema mshubiri hauhisi amejibu swali ambalo halikuulizwa. Swali ni kama kuna aliyeniweka hapa niutunze. Asiyeamini Mungu ataniambia hakuna, na kwake hoja yangu inapungua nguvu, nalikiri hilo. Bado anaweza kuwafikiria watakaokuja baada yetu, ambao nao wana fungu katika kilichopo. Kwa anayeamini, kutokuhisi kwa mmea kunaongeza uzito wa amana badala ya kuupunguza, kwa maana hakuna shahidi mwingine isipokuwa Yule ambaye Qurani inasema hakuna jani linaloanguka asilolijua.

Pingamizi la tatu linaniuma zaidi. Kuna wanawake wanaoamka alfajiri kufuata maji kwa ndoo, na kuna vijiji ambako kisima kikikauka ng'ombe hufa. Ni haki gani kuzungumzia maji ya maua? Jibu la haraka ni kwamba mmea huu unakunywa kikombe kimoja kwa wiki mbili au tatu, na maji yaliyosuuza mchele yanautosha. Anayehuzunikia maji ayatazame kwanza majani ya ukoka yanayomwagiliwa kwa mpira kila jioni mbele ya hoteli na majumba. Kwa hakika mshubiri mdogo ni bustani ya mahali penye uhaba. Mtume alikataza israfu ya maji ya udhu hata kwa aliye kando ya mto unaotiririka, na sijui mmea unaoitii nasaha hiyo kuliko huu. Lakini pingamizi lina ncha nyingine ambayo siwezi kuikwepa. Wapo wanaokusanya vyungu mia, wakanunua aina adimu kwa bei ya ada ya shule, wakashindana kuonyeshana. Hapo jina lake ni anasa, na upole wa majani haubadilishi kitu. Tamaa inaweza kuvaa nguo za mapenzi ya viumbe. Mpaka wa amana unamhusu mtu huyo pia: anachoweza kukijua kimoja kimoja, akakitunza kwa haki, ndicho kipimo chake.

Na tusisahau kwamba mishubiri ya bustanini ina wageni. Maua yake hujaa nekta yenye sukari ambayo ndege aitwaye chozi huifuata kwa mdomo wake uliopinda, na nyuki nao huja. Hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim inahesabu kuwa ni sadaka kila kilichopandwa na Mwislamu akala humo mtu, ndege au mnyama. Mshubiri usiomlisha mtu unaweza kumlisha chozi. Kumbe hata lile neno nililoanza nalo, kwamba hauna faida, lilikuwa na maana ya kwamba hauna faida kwetu.

Pingamizi la nne ndilo lenye nguvu kuliko yote, na linatoka kwa watu wanaokubaliana nami. Wanasema: kama mmea huu una mwenyewe, na kama una kanuni yake na mlima wake, basi heshima ni kuuacha mlimani. Ni kweli kwamba nyuma ya vyungu vingi kuna wizi. Mmea unaoingia mfukoni ni rahisi kuibwa, na eneo lake likiwa ni jabali moja au mawili, watu wachache wenye mifuko wanaweza kuumaliza. Fikirini kisa cha Aloe juvenna. Ulikuwa ukikuzwa vyunguni Ulaya na kupewa jina rasmi mwaka 1979 bila wataalamu kujua kwao ni wapi, hata wengine wakadhani ni chotara aliyezaliwa bustanini. Baadaye ndipo ulipopatikana porini kusini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Kwa miaka yote hiyo watu waliupenda mmea bila kujua kama mlima wake ungali una mwingine. Mapenzi ya namna hiyo si maovu, ila ni mapenzi yasiyouliza, na amana isiyoulizwa ilikotoka haitofautiani sana na mali ya wizi iliyopita mikono mingi.

Hata hivyo siafiki kwamba kila chungu ni gereza. Mishubiri midogo huzaa machipukizi kwa wingi. Aloe descoingsii mmoja uliotunzwa vizuri hujaza chungu kwa watoto, na Aloe juvenna huenea kama majani. Kinachotolewa chunguni na kupandwa chungu kingine hakijaupunguzia mlima kitu, na kila mtu aliyepata mche wa namna hiyo ana sababu moja pungufu ya kumlipa anayeng'oa porini. Nakubali pia uzalishaji wa machotara, ambao umejaza masoko ya California na kwingineko aina ndogo zenye madoa na miiba ya rangi. Wako wanaouita kubadilisha maumbile ya Mungu. Lakini wakulima wa Madina walikuwa wakichavusha mitende kwa mikono, na Mtume aliwaachia jambo hilo kwa kuwa walilijua vyema zaidi. Kosa linaanza pale chotara anapouzwa kwa jina la mmea halisi wa porini, kwa kuwa huo ni udanganyifu wa mizani, au anaporudishwa mlimani akachanganya damu na waliobaki. Chungu kibaki chungu, na mlima uachwe kuwa mlima.

Je, hoja ya aina hii inaweza kumfikia mtu asiyesoma makala? Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, kinanipa tumaini. Wavuvi husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akakosa msala, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala kwa kuwa kimeelekea kibla. Mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi, na waliotaka kuzuia uvuvi wa kuharibu matumbawe waliona kwamba kanuni za serikali peke yake hazitoshi, wakaanza kuzungumza na wavuvi kwa lugha ya dini: ukhalifa, amana, israfu. Lugha hiyo walikuwa nayo tayari tangu chuoni. Kinachosemwa juu ya tasi na matumbawe kinaweza kusemwa juu ya mmea, tena Pemba ina mshubiri wake yenyewe, Aloe pembana, na mkoa wa Tanga una Aloe dorotheae, ambao majani yake mekundu yanapamba bustani za nchi za mbali ilhali kwao porini ni eneo dogo mno. Khatibu au mchungaji anayetafuta mfano wa amana hana haja ya kwenda Madagaska.

Amana, mwishowe, hurudishwa. Qurani inaamuru zirudishwe kwa wenyewe. Mshubiri wa chunguni hatuwezi kuurudisha Fiherenana. Ungepeleka huko magonjwa na mbegu zisizo za pale. Njia iliyobaki ni kuugawa. Machipukizi yakishatoa mizizi yake yang'olewe kwa uangalifu, yaachwe siku chache kidonda kikauke, yapewe majirani, shule, na kina mama wa jumuiya, pamoja na jina la mmea na neno la kwamba usimwagiliwe kila siku. Anayeuficha ili abaki mwenyewe wa pekee mtaani amerudi kwenye umiliki kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisimama mbele ya kitalu cha miche kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, au kwa muuza maua wa mtaani kwako, ukavutiwa na mshubiri mdogo, muulize muuzaji kwanza umetoka wapi na nani aliuotesha. Akikuonyesha mmea mama na chungu ulikotengwa mche huo, lipa na uuchukue kwa amani. Akishindwa kujibu, au mizizi yake ikiwa imejaa udongo mwekundu wa mlimani na majani yana makovu ya jua na ya mbuzi, uache, hata kama ni mzuri kuliko yote uliyowahi kuiona, na umwambie kwa adabu kwa nini umeuacha.